Kodi ilipoondolewa kwenye pedi, mimi sikushusha bei

Ilikuwa Julai 2018, jioni, watoto wanarudi kutoka shule. Duka langu liko hapa Katoro, mkoani Geita. Si duka kubwa. Nauza sukari, sabuni, mafuta ya kupima, vocha, biskuti, na kwenye rafu ya juu naweka taulo za kike, ambazo wengi wetu tunaziita pedi.

Binti mmoja wa kidato cha kwanza, mtoto wa jirani, alisimama pembeni akawasubiri wanaume wawili waliokuwa wananunua sigara waondoke. Hawakuondoka. Walikuwa wanapiga soga. Mwishowe akasogea, akaweka hela yake mezani. Zilikuwa shilingi 1,700.

"Shikamoo mama. Naomba pedi."

"Marahaba. Pedi ni 2,000, mwanangu."

"Mwalimu ametuambia kodi imeondolewa. Amesema bei imeshuka."

Nikacheka. Nikamwambia, "Kamwambie mwalimu wako aje akuuzie yeye kwa hiyo bei." Wale wanaume nao wakacheka. Binti akakusanya hela yake, akaondoka bila neno. Baadaye mama yake aliniambia kwamba wiki ile mtoto alikaa nyumbani siku tatu, anatumia vitambaa, hataki kwenda shule kwa hofu ya kuchafuka mbele ya wavulana.

Mpenzi msomaji, huwa tunasema mengi kuhusu kodi. Tunasema serikali itoe hii, ipunguze ile, isamehe nyingine. Mimi pia nasema. Lakini katika habari ya kodi ya pedi nina sehemu yangu, na nimeona niisimulie kama ilivyokuwa.

Binti yule hakuwa amesema uongo. Juni 14 mwaka ule, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk Philip Mpango, alisoma bajeti ya mwaka 2018/19 bungeni Dodoma, akapendekeza taulo za kike zisamehewe Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo ni asilimia 18. Bunge likakubali, na msamaha ukaanza Julai Mosi. Sisi wa Geita tulikuwa na sababu ya kulifuatilia jambo hilo, kwa kuwa Upendo Peneza, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu kutoka mkoa wetu, alikuwa miongoni mwa waliolipigia kelele suala la pedi kwa wanafunzi. Kenya walikuwa wameshaondoa VAT kwenye pedi tangu mwaka 2004. Redio zikatangaza, walimu wakawaambia wanafunzi, na kina mama tukashukuru.

Dukani kwangu bei haikusogea.

Nilikuwa na sababu, na kila aliyeuliza nilimpa. Kwanza, mzigo uliokuwa kwenye rafu niliununua kabla ya Julai, kwa shilingi 1,700 kwa pakiti. Nikimuuzia mtoto kwa 1,700, nile nini? Pili, mimi sijasajiliwa kwenye VAT. Wakati ule aliyetakiwa kusajiliwa ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mimi ni wa kodi ya makadirio. Simtozi mteja VAT, bali VAT inakuwa imeshakaa ndani ya bei ninayonunulia kwa muuzaji wa jumla. Yeye asiposhusha, mimi nishushe kutoka wapi?

Sababu hizo mbili zilikuwa za kweli. Kuna jambo la tatu ambalo sikumwambia mtu. Ilipofika Septemba, muuzaji wa jumla alishusha kidogo. Pakiti ya 1,700 akaanza kuniuzia 1,600. Mimi nikaendelea kuuza 2,000.

Sikukaa chini nikapanga kuwaibia watoto wa watu. Niliona tu kwamba faida imeongezeka kidogo, nyumbani kuna mahitaji, na hakuna mteja anayejua mimi nimenunua kwa bei gani. Bei ya pedi haikuwa imeandikwa popote. Isitoshe, msichana anayenunua pedi hata kuitaja kwa sauti anaona aibu. Atapatana nami bei saa ngapi?

Mwaka mmoja ukapita. Juni 13, 2019, Dk Mpango akasimama tena bungeni kusoma bajeti, na safari hii akapendekeza msamaha ule ufutwe. Sababu aliyotoa ni kwamba bei haikushuka, na walionufaika ni wafanyabiashara badala ya watumiaji. Ili kuvutia viwanda, serikali ikapunguza kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili, kwa wawekezaji wapya watakaotengeneza pedi nchini. Watetezi wa haki za wasichana walilalamika. Walisema kama wafanyabiashara ndio waliokula msamaha, wafuatwe wao, asiadhibiwe mtoto wa kike.

Nilikuwa dukani nasikiliza redio. Waliposema "wafanyabiashara", mimi niliwafikiria wenye viwanda, wenye maghala, na yule muuzaji wangu wa jumla wa Kahama. Nikatikisa kichwa nikasema, "Watu hawa hawana huruma." Kichwani mwangu mfanyabiashara alikuwa mtu mwingine.

Wiki ya kwanza ya Julai, muuzaji wa jumla akapandisha bei hadi 1,900. Siku hiyohiyo, kabla sijafungua hata katoni moja mpya, nikaanza kuuza 2,200. Pakiti zilizokuwa kwenye rafu bado ni zile nilizonunua kwa 1,600. Nilipotakiwa kushusha bei nilisema mzigo ni wa zamani. Nilipotaka kupandisha, sikukumbuka kwamba mzigo ni wa zamani.

Sasa niwaambie habari ya baba watoto, kwa sababu mwaka huohuo nyumbani kwetu uliingia msamaha mwingine wa kodi, na ule ulitufikia mpaka mezani.

Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Kwa miaka mingi amekuwa Nyarugusu. Wanaozijua kazi hizo wanaelewa: wanaingia duarani, wanagawana mifuko ya mawe, unapeleka mifuko yako kwenye karasha, kisha mwaloni kuosha, na ukibahatika unachoma unapata gramu na pointi zako. Kazi inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Halafu siku ya kuuza anakuja broka, anapima kwa mzani wake, anataja bei yake, nawe unapokea kwa sababu watoto wanataka kula. Kulipa kodi rasmi wengi walikuwa wanakukwepa, kwa kuwa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, juu ya mrabaha, zilikuwa zinamaliza kila kitu.

Januari 22, 2019, hayati Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akasikiliza malalamiko yao. Haikuchukua muda sheria ikarekebishwa, zile kodi mbili zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo. Machi mwaka huohuo, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akafungua soko la dhahabu mjini Geita.

Baba watoto alipokwenda kuuza pale mara ya kwanza, alirudi na karatasi. Aliitandika mezani kama cheti cha shule. Uzito umeandikwa. Bei ya siku ile imeandikwa. Makato yameandikwa: mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri. Kodi hazikuisha, lakini kila shilingi iliyokatwa aliiona imekwenda wapi, na iliyobaki aliihesabu mwenyewe. Jioni ile tulikula nyama.

"Safari hii hakuna aliyeninong'oneza bei," alisema. "Nimeisoma mwenyewe."

Wakati ule sikuunganisha mambo haya mawili. Dhahabu ni dhahabu na pedi ni pedi, niliona hivyo.

Kisha ikaja tozo. Julai 2021 tulianza kukatwa tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Mama yangu mzazi anaishi kijijini Shinyanga, na kila mwezi huwa namtumia hela ya matumizi. Mwezi ule akanipigia simu. "Mayu, mbona hela imepungua?" Nikamwambia haijapungua, nimetuma ileile. Akasema, "Basi wa kibandani kanipunja." Ikabidi nimweleze kwamba kuna makato mapya, mimi nimekatwa kwa kutuma na yeye amekatwa kwa kutoa.

Nchi nzima ilipiga kelele. Watu walikuwa wanapiga picha ujumbe wa muamala na kutumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Kila mtu alikuwa na ushahidi mkononi mwake, wenye kiasi, tarehe na saa. Serikali ikasikia. Kabla ya mwaka kwisha tozo ile ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.

Nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Na pakiti za pedi zilikuwa nyuma yangu kwenye rafu, bei nimeificha kichwani.

Aliyenifungua macho ni binti yangu mwenyewe. Mwaka 2023 alikuwa kidato cha tatu. Mwezi mmoja nikagundua hesabu ya pedi haikai sawa. Nimenunua pakiti 48, nimeuza 37, zilizobaki ni tano. Pakiti sita hazijulikani zilipo. Mwezi uliofuata, tano. Dukani tunakaa watu wawili tu, mimi, na yeye akitoka shule.

Nikamwita. Nikamuuliza kwa ukali, mbele ya baba yake, kama amekuwa mwizi. Nikamwambia duka hili ndilo linalomsomesha, na mtoto anayeiba nyumbani kesho ataiba kwa watu.

Hakubisha. Aliingia chumbani akarudi na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika herufi za mwanzo za majina ya wasichana wanne wa darasani kwao, na mbele ya kila mmoja idadi ya pakiti.

"Hawa huwa hawaji shule wakiwa kwenye siku zao," alisema. "Nimewakopesha. Mama, mimi nikihitaji nanyoosha mkono dukani. Wenzangu hawana duka."

Baba yake akaangalia pembeni. Mimi nikasema kukopesha bila kuniomba ni makosa, na kweli ni makosa, nasi tulilimaliza hilo jambo kama wazazi. Lakini daftari lilikuwa na ukurasa mwingine. Shuleni walikuwa wanasoma masomo ya biashara, na walikuwa wamefundishwa namna ya kuitafuta VAT iliyojificha ndani ya bei: unachukua bei, unagawa kwa 118, unazidisha kwa 18. Alikuwa amelifanyia zoezi daftari langu la zamani la manunuzi, ambalo sikujua kama analisoma. Kwenye pakiti ya 1,700 kodi ilikuwa shilingi 259.

"Mama, mwaka 2018 mliambiwa kodi imetoka. Hii 259 ilikwenda wapi?"

Nikampa zile sababu zangu mbili. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Na hapa Septemba, ulipoanza kununua kwa 1,600?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameshapiga hesabu. Nilikuwa nauza kama pakiti 40 kwa mwezi. Shilingi 100 kwa kila pakiti ni 4,000 kwa mwezi. Kuanzia Septemba hadi Juni ni miezi kumi. Jumla, shilingi 40,000. Kwa bei ya wakati ule ni pakiti 20. Kwa msichana anayetumia pakiti moja kwa mwezi, hiyo ni miezi 20 ya kwenda shule bila hofu.

Shilingi 40,000 hazijengi nyumba wala hazinunui pikipiki. Sikumbuki hata nilizitumia kwa nini. Lakini usiku ule nilimkumbuka yule binti wa 1,700, na nikakumbuka kwamba nilicheka.

Tangu hapo nimekuwa nauliza. Nina mteja mmoja ambaye ni mhasibu, na siku moja akinunua vocha nilimuuliza kwa nini hata muuzaji wa jumla hakushusha 259 yote. Alinieleza jambo ambalo nadhani kila mzazi anayetoa maoni kuhusu kodi anapaswa kulielewa. Bidhaa kusamehewa VAT ni tofauti na bidhaa kutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Bidhaa ikisamehewa, mwenye kiwanda hatozi VAT anapouza, lakini VAT aliyolipa yeye kwenye malighafi, vifungashio na umeme hawezi kuidai irudishwe. Kwa hiyo anaiacha ndani ya bei. Bidhaa ikiwa ya kiwango cha sifuri, hatozi, na ile aliyolipa anaweza kuidai. Afrika Kusini, walipoondoa VAT kwenye pedi Aprili Mosi, 2019, walichukua njia hiyo ya sifuri. Tena kwa pedi zinazotoka nje, VAT na ushuru wa forodha ni vitu viwili. Kusamehe kimoja hakugusi kingine.

Kwa hiyo msamaha wetu wa 2018 ulianza safari ukiwa umepungua. Njiani kila mmoja akamega. Kiwanda kilibaki na chake, ghala likabaki na lake, na mimi wa mwisho kwenye foleni nikamega mia yangu. Binti aliyekuja na 1,700 akakuta sahani tupu.

Waziri aliposema bei haikushuka, alisema kweli. Mimi ni shahidi. Lakini naona dawa iliyotolewa haikumlenga mgonjwa. Tuliomega tulibaki na tulichomega, na asiyemega ndiye aliyepandishiwa bei.

Oktoba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, nayo ikaanza kukusanya maoni ya wananchi na wadau. Jioni moja tukiwa tunakula, baba watoto akasema, "Haya, tume imekuja hapa. Kila mtu atoe maoni yake."

Mtoto wetu wa mwisho, wa darasa la tano, akataka kodi iondolewe kwenye maandazi. Baba yake akamwambia maandazi ya mama jirani hayana VAT, bei yake inapanda kwa sababu ya ngano na mafuta. Mtoto akasema basi iondolewe kwenye ngano.

Baba watoto yeye alisema kodi iwepo. Alisema madarasa hayajengwi kwa maombi, na barabara ya lami ya kutoka Geita hawakuijenga malaika. Anachotaka ni kuona. "Pale sokoni naona. Wakinikata, wameandika. Wakinisamehe, naona imebaki mfukoni. Msamaha wa kusikia redioni siutaki."

Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne, alisema kama msamaha wa pedi utarudi, usirudi kama ule. Uwe wa kiwango cha sifuri, na bei itangazwe kama ya mafuta. Alikuwa na hoja. Kila mwezi EWURA inatangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwendesha bodaboda wa hapa Katoro anaijua bei ya petroli kabla hajafika kituoni. Serikali ilipoweka ruzuku ya mafuta mwaka 2022, nafuu ilionekana kwenye bei iliyotangazwa. Hakuna mwenye kituo aliyeweza kusema "mzigo wangu ni wa zamani".

Wakanigeukia mimi. Nikasema maoni yangu ni kwamba kabla ya kumwambia Balozi Sefue chochote, nina deni.

Nilianza kwa jambo dogo. Nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene: PEDI, nimenunua shilingi kadhaa, nauza shilingi kadhaa. Nikakibandika mbele ya duka. Majirani wenye maduka waliniambia nimechanganyikiwa, mfanyabiashara hamwonyeshi mteja bei ya manunuzi. Kwa wanafunzi waliovaa sare nauza kwa bei niliyonunulia, sipati faida. Kwenye sukari na sabuni bado napata, duka halijafa.

La pili, kwa muuzaji wa jumla sasa nadai risiti ya mashine. Zamani nilikuwa naona ni usumbufu, na yeye alikuwa ananiambia, "Bila risiti nakupunguzia." TRA wana msemo wao tunaoujua wote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidhani msemo ule ni wa kuwasaidia wao kukusanya. Sasa najua unanisaidia na mimi, kwa sababu kwenye risiti VAT imeandikwa peke yake. Siku serikali ikiiondoa, nitaitafuta kwenye karatasi, na nisipoiona imeondoka nitauliza mbele ya wateja wengine.

La tatu ni la nyumbani. Baba watoto ameanza kununua pedi mwenyewe. Siku ya kwanza alikwenda duka la mbali kwa aibu, wakati mkewe anauza hizohizo. Tulimcheka sana. Lakini aliporudi alijua bei, na baba anayejua bei ya pedi hawezi tena kumuuliza binti yake, "Hela niliyokupa juzi umefanyia nini?" Wazazi wenzangu, hasa akina baba, tunajua bei ya petroli, ya mfuko wa saruji na ya gramu ya dhahabu. Bei ya pedi tumewaachia watoto wa kike, na wao wanaona aibu hata kuitaja. Kitu ambacho watu wazima hawajui bei yake, ni rahisi sana kukila.

Sisemi kipande cha boksi ni sera ya kodi. Shule inahitaji maji na vyoo vyenye milango. Kuna familia ambazo hata pedi ikiuzwa 1,000 haitanunulika, kwa hizo kodi si tatizo la kwanza. Na wala sisemi kila muuza duka ni kama mimi. Nasema tu kwamba tunapotoa maoni kuhusu kodi, tusiishie kuuliza serikali inasamehe nini. Tuulize pia msamaha huo utapita mikononi mwa nani, na mtoto ataujuaje ukifika.

Yule binti wa mwaka 2018 sikupata kumwomba radhi. Mama yake alihamia Kahama kutafuta kazi, wakaondoka wote kabla binti hajamaliza kidato cha pili. Natumaini alimaliza huko.

Wiki iliyopita alikuja mwanaume mmoja, mchimbaji kwa kumtazama, buti zimejaa tope. Alisimama mbele ya kile kipande cha boksi akasoma. Kisha akaweka hela kamili juu ya meza, akanionyesha kwa kidole na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayenunua chumvi, "Mama, nipe hizo mbili. Nina mabinti wawili wako sekondari."

Dukani kulikuwa na watu. Hakuna aliyecheka.